Je, Yohana Mbatizaji alilelewa na Waesene?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Katika darasa letu la Biblia kijana mmoja anashikilia kwamba Yohana Mbatizaji alilelewa na Waesene, watawa wa Kiyahudi wa jangwani. Nimelitafuta jina hilo katika Injili zote nne, silioni. Walikuwa akina nani, na je, kijana ana hoja?

JIBU: Marahaba. Hutaliona, maana Agano Jipya lote haliwataji. Tunawajua kupitia waandishi wa karne ya kwanza: Philo, mwanafalsafa wa Kiyahudi, anayesema walizidi 4,000, Pliny, mwandishi wa Kirumi, anayewaweka magharibi mwa Bahari ya Chumvi, na hasa Josephus, mwanahistoria wa Kiyahudi. Upande huohuo, katika mapango ya Qumran, ndiko magombo, yaani hati za kale za Kiyahudi zilizokunjwa, yalikoanza kupatikana mwaka 1947. Wataalamu wengi husema ni ya Waesene, nami naafikiana nao.

Kinachonishangaza kila nikimsoma Josephus ni ugumu wa kuingia kwao. Mwombaji alikaa nje mwaka mzima, amepewa kishoka, nguo ya kiunoni na vazi jeupe. Kishoka kilikuwa cha kuchimbia shimo la haja faraghani, na siku ya Sabato hata haja hiyo hawakwenda. Alipimwa miaka 2 zaidi, akala viapo vizito, ndipo akagusa chakula cha pamoja. Mali yake ikawa ya wote. Kabla ya mlo walioga maji baridi, kuhani akaomba, wakala kwa utulivu. Waliamini kila jambo limo mkononi mwa Mungu, na kwamba mwili huoza lakini roho haifi.

Kijana wako ana pa kusimamia. Josephus anaandika kwamba Waesene wasiooa walichukua watoto wa wengine wakawalea. Tena Kanuni ya Jumuiya, mojawapo ya magombo hayo, inanukuu Isaya 40:3, "itengenezeni nyikani njia ya Bwana", andiko lilelile ambalo Injili zinamhusisha nalo Yohana.

Lakini mtazame Yohana akiwa kazini. Waesene walijitosa majini wenyewe, kila siku, baada ya kupimwa kwa muda mrefu. Yohana aliwabatiza watu mbele ya umati, yeyote aliyetubu. Watoza ushuru na askari walipomuuliza wafanye nini, hakuwaambia waache kazi wamfuate jangwani. Aliwaambia wasitoze kupita walivyoamriwa, wasidhulumu, watosheke na mshahara wao (Luka 3:12-14). Kwangu hilo lina uzito kuliko ujirani wa jangwa. Kuhusu malezi yake, Luka 1:80 inasema tu kwamba alikaa majangwani; haisemi alikaa na nani.