Kabla ya Kukubali Nafasi ya Kusomea Uhandisi

Mwanafunzi aliyepata nafasi katika vyuo vikuu viwili au vitatu kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni kipi chenye jina kubwa. Kwa anayetaka kuwa mhandisi, nashauri swali hilo lisubiri, kwa sababu orodha maarufu za ubora wa vyuo duniani hutoa uzito mkubwa kwa tafiti zinazochapishwa na sifa ya chuo miongoni mwa wanataaluma, mambo ambayo hayamwelezi mwanafunzi wa shahada ya kwanza atafundishwaje wala atashika vifaa gani.

La kuhakikisha mapema ni ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba masomo yamefikia kiwango kinachotakiwa. Katika nchi nyingi ithibati ya uhandisi hutolewa kwa programu moja moja, hivyo chuo kinaweza kuwa nayo kwa uhandisi wa ujenzi huku programu yake mpya ya mekatroniki (mchanganyiko wa mitambo, elektroniki na kompyuta) ikiwa bado haijaipata, na mhitimu akaja kukwama anapoomba kusajiliwa kuwa mhandisi. Anayetarajia kufanya kazi nje ya nchi atakayosomea aangalie pia Mkataba wa Washington wa mwaka 1989, ambao wanachama wake hutambua shahada zilizopewa ithibati na wenzao. Afrika Kusini ilijiunga mwaka 1999 na India mwaka 2014. Utambuzi huo haumpi mtu leseni moja kwa moja, lakini humwondolea kikwazo kikubwa.

Baada ya hapo, nenda ukaone maabara na karakana, na hapa ndipo ningetumia muda wangu mwingi. Nilisomea uhandisi wa mitambo, na nilichokielewa vizuri zaidi kuhusu uimara wa vyuma nilikipata siku tuliyovuta kipande cha chuma laini katika mashine mpaka kikakatika: kilianza kuwa chembamba katikati, nguvu iliyosomeka kwenye mashine ikashuka, kisha kikakatika kwa kishindo, na tulipogusa sehemu iliyokatika ilikuwa na joto. Nilikuwa nimekwisha kuchora grafu ya jaribio hilo darasani, lakini sikuwa nimeelewa kwa nini mstari wake huinama kabla ya kukoma.

Kwa hiyo usiridhike kuonyeshwa mashine. Uliza ni wanafunzi wangapi wanaoitumia kwa zamu moja, na ni nani anayefunga kipande na kuiendesha, wao au fundi sanifu huku wao wakinakili namba. Kikundi cha watu wanne na kikundi cha watu ishirini havipati elimu moja, hata kama mtaala ni uleule. Zungumza na fundi sanifu mwenyewe ukiweza, maana yeye ndiye anayejua kifaa kipi kinafanya kazi na kipi kinangoja vipuri. Omba pia kuona miradi ya mwaka wa mwisho. Mradi uliotengenezwa, ukapimwa na kasoro zake zikaandikwa kwa uwazi ni dalili njema kuliko ripoti nene isiyo na kipimo hata kimoja.

Kama hujaamua kati ya umeme, mitambo na ujenzi, muundo wa programu una uzito wa pekee. Chuo Kikuu cha Cambridge, kwa mfano, huwafundisha wanafunzi wake wa uhandisi misingi ya pamoja kwa miaka 2 kabla ya kubobea, ilhali vyuo vingine hukuingiza katika idara moja tangu siku ya kwanza. Pale inaposemwa kwamba kuhama idara kunawezekana, uliza masharti yake na nafasi zinazotolewa kila mwaka.

Ada na umbali kila familia hupima kwa uwezo wake. Mafunzo kwa vitendo viwandani, hata hivyo, yaulizwe kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho: je, chuo huwatafutia nafasi, au kila mmoja huzunguka na barua yake? Waulize bila mhadhiri kuwapo, na waulize zaidi ya mmoja.