Asilimia 99.9999 ya nini? Namna ya kusoma ripoti ya chujio la maji la safari

Chujio langu la kwanza la safari nililinunua kwa kuvutwa na tarakimu. Boksi liliandikwa kwa herufi kubwa: huondoa asilimia 99.9999. Tisa sita! Nikalipa, nikalitia begini. Siku ya pili ya matembezi, tukiwa tumechutama kando ya kijito, mwenzangu akachukua lile boksi, akalisoma, akaniuliza, "Asilimia hiyo ni ya nini?" Nikabaki nimeshika chupa.

Niliporudi nilimwandikia mtengenezaji nikaomba ripoti ya maabara. Ilikuja ya kurasa mbili. Ile asilimia ilikuwa ya bakteria peke yake, tena wa aina moja, katika maji safi, kwa chujio lililotoka kiwandani siku hizo. Hakuna lililokuwa la uongo. Ila yale niliyotaka kuyajua hayakuwamo.

Tangu hapo sinunui chujio kabla sijaona ripoti yake, na nakushauri ufanye vivyo hivyo. Si lazima uwe mwanasayansi. Inatosha ujue maabara hufanya nini hasa.

Wengi hudhani wataalamu huchota maji ya mto, wakayachuja, wakaangalia kama yametakata. Sivyo. Wao huyachafua maji kwa makusudi. Huchukua maji ambayo tabia zake zinajulikana, wakatia vimelea kwa idadi inayojulikana, wakayapitisha kwenye chujio, kisha wakahesabu vilivyotoka upande wa pili. Tuseme kila lita imetiwa bakteria milioni 100. Chujio la asilimia 99 litaacha bakteria milioni 1 katika lita hiyo. La asilimia 99.9999 litaacha 100. Kwa macho asilimia hizo mbili zinakaribiana, kwa tumbo zimepishana mbali. Ndiyo maana ripoti nyingi hutumia kipimo cha logi, ambapo kila logi moja ni kupunguza vimelea mara kumi. Logi 2 ni asilimia 99, logi 6 ni zile tisa sita.

Kuhesabu nako kuna ufundi wake. Bakteria huoteshwa kwenye sahani hadi wafanye makundi yanayoonekana kwa macho. Virusi vya majaribio humwagwa juu ya zulia la bakteria, na kila kilichopona huua bakteria hao na kutoboa doa. Cryptosporidium, kimelea cha seli moja kinachoharisha, hutiwa rangi inayong'aa na kuhesabiwa kwa hadubini. Kama chujio lina fedha au aiodini, maabara makini huizima dawa hiyo mara tu sampuli inapochukuliwa. Isipozimwa, itaendelea kuua ndani ya chupa ikiwa njiani kwenda mezani, na chujio litapewa sifa lisiyoistahili.

Sasa rudi kwenye lile swali la "ya nini". Magonjwa ya maji huletwa na makundi matatu, na ukubwa wao haulingani. Protozoa, yaani vimelea vya seli moja kama Giardia na Cryptosporidium, wana maikromita 4 na kuendelea (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Bakteria wengi wana kati ya nusu maikromita na maikromita chache. Virusi ni vidogo mno, vingine havifiki hata maikromita 0.03. Machujio mengi ya safari yana matundu ya maikromita 0.1 au 0.2, kwa hiyo protozoa na bakteria hunaswa, na virusi hupenya. Ukiona ripoti inataja bakteria na protozoa ikanyamaza kuhusu virusi, usidhani wamesahau. Chujio la namna hiyo linaweza kufaa kwenye kijito cha juu mlimani, mbali na makazi ya watu. Penye kinyesi cha binadamu karibu, utahitaji pia dawa, mwanga wa urujuanimno, au kuchemsha.

Kigezo kinachotajwa sana ni mwongozo wa mwaka 1987 wa EPA, shirika la serikali ya Marekani la mazingira, ambao ndio msingi wa P231, itifaki ya NSF, shirika linalopima na kuthibitisha vifaa. Ili kifaa kiitwe kisafishaji, lazima kiondoe logi 6 za bakteria, logi 4 za virusi na logi 3 za protozoa, yote matatu kwa pamoja. Shirika la Afya Duniani nalo lina mpango wa kupima vifaa vya nyumbani kwa nyota, na nyota tatu hudai logi 4 za bakteria, 5 za virusi na 4 za protozoa. Usishangae kukuta virusi vya MS2 kwenye jedwali. Hivyo hushambulia bakteria, si watu, na hutumika kwa sababu ni vidogo sana na ni salama kwa anayepima.

Sehemu ninayoisoma kwa makini kuliko zote ni ile ya aina ya maji. Hapo ndipo ripoti nzuri hujitenga na tangazo. Mwongozo wa EPA hautosheki na maji safi. Unadai pia maji magumu: baridi ya nyuzi 4 za Selsiasi, tope la NTU 30 au zaidi (NTU ni kipimo cha ukungu wa maji), chumvi nyingi, na mabaki ya mimea na viumbe. Kila ugumu una shabaha yake. Baridi hupunguza kasi ya dawa, tope huziba matundu, na mabaki yale hula klorini kabla haijamfikia kimelea. Tena chujio huachwa na maji ndani kwa saa 48, kisha hupimwa upya, kwa sababu bakteria walionaswa wanaweza kuzaliana humo humo. Mimi huacha chujio begini wiki nzima, basi kipengele hicho kinanihusu!

Tazama pia umri. Kama boksi linaahidi lita 1,000, vipimo viwepo vya mwanzo, vya katikati na vya mwisho wa lita hizo. Chujio jipya karibu kila mara hufaulu. Na yapimwe machujio kadhaa, mwongozo ule hutaka matatu, maana moja huenda likawa la bahati.

Kisha kuna mchezo wa maneno. "Limepimwa kwa kufuata P231" si sawa na "limethibitishwa na NSF". La kwanza ni kauli ya muuzaji. La pili unaweza kulihakikisha mwenyewe kwenye orodha ya vifaa ambayo NSF huiweka wazi. Ukiandika kuomba ripoti ukajibiwa kwa kipeperushi cha matangazo, hilo nalo ni jibu.

Jambo moja jedwali halitakuambia: yaliyolipata chujio lako baada ya kutoka dukani. Langu la pili lilikuwa na ripoti nzuri sana, nikalilaza nje ya hema usiku wa barafu. Maji yaliyobaki ndani ya nyuzi zake, yaani mirija myembamba inayochuja, yakaganda, yakatanuka. Asubuhi nikapuliza kwa mdomo kutoka upande wa maji safi, nyuzi zikiwa zimelowa, na viputo vikatoka kwa wingi upande wa pili. Nyuzi nzima zilizolowa hazipitishi hewa kwa pumzi ya mdomo. Kukosa viputo hakuthibitishi kwamba chujio ni zima kabisa, lakini kuviona kulinitosha kulitupa. Siku hizi, baridi ikikaribia sifuri, chujio nalala nalo ndani ya mfuko wa kulalia.