Barua kwa mwanangu: Siri ya kidole tumbo

Ngamiani, Tanga

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, ila mvua za vuli zimeng'oa bati moja la jikoni na baba yako anadai atalipigilia mwenyewe. Usicheke.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema operesheni yako ya tumbo ya kupunguza kilo ni mwezi ujao, kisha unaniuliza: "Mama, daktari ninaye, mume ninaye, na wewe upo. Hao watu wako wa Jumapili, waliopasuliwa kama wewe, nikawatafute wa nini? Sitaki tumbo langu lijadiliwe barazani." Nilitaka kukupigia hapo hapo. Nikaona jibu lenyewe lina jambo nililokuficha miaka mitatu, na kwenye simu ningelipitia juu juu.

Nilipokwenda Dar kupasuliwa, mliojua ni wewe, baba yako na shangazi yako. Mtaa mzima niliuambia nimetolewa kidole tumbo. Unaijua Tanga yetu. Mtu akinenepa huambiwa ndoa imemkubali. Akikonda watu huulizana ana nini. Sasa mimi nikatangaze kwamba nimelipa pesa nikatwe tumbo lisilo na jeraha ili nile kidogo? Wangesema Mungu kanipa neema nimeikataa. Kilo zangu zilikuwa 118, sukari ilikuwa na mwaka wa tisa, na magoti yalikuwa yanalia kila nikiinuka kwenye mkeka wa sala. Hayo hawakuyaona. Hata shangazi yako, aliyejua, alinisumbua kwa nini nisiwekewe puto tumboni kama wanavyowekewa watu hospitali ya Mloganzila, Dar. Puto huwekwa kwa miezi kisha hutolewa, hakikatwi kitu. Madaktari walinipima wakasema mimi nimeshapita hapo. Basi wakanikata, wakaondoa kama robo tatu ya tumbo la chakula, kikabaki kifuko chembamba mfano wa ndizi.

Wiki ya tatu nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kwenye maji, maziwa na supu ya kuchuja, naanza vya kusagwa. Nyumba ya pili kulikuwa na arobaini. Jirani akanipitishia sahani ya pilau, akasimama nayo mlangoni: "Kidole tumbo kimepona zamani hicho, kula upate nguvu." Ningesema nini? Aliyetolewa kidole tumbo anakula pilau. Nikala matonge manne huku ananitazama, na nyama juu yake. Hakufika hata uani kwake, nikahisi kitu kimesimama hapa chini ya kifua kama jiwe. Nilitapika siku hiyo, kesho yake, na kesho kutwa. Mpaka maji yakawa hayakai. Baba yako nilimwambia ni malaria.

Usiku wa siku ya tatu simu ikalia. Mwanamke mmoja wa Pangani, tuliyelala naye wodi moja. Tulikutana kwenye korido siku ile ile ya operesheni, maana wauguzi hawakuachi ulale, wanakutembeza damu isigande miguuni. Tukapeana nambari kwa adabu tu. Sikuwa na nia ya kumpigia. Yeye alipiga kunijulia hali, nikamwambia sijambo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza bila hata samahani: "Mkojo unatoka? Una rangi gani?" Nikamwambia tangu asubuhi sijapata. "Ukisimama, nyumba inazunguka?" Inazunguka. Akasema, "Shoga, inuka sasa hivi uende hospitali. Na ukifika, usiwaambie kidole tumbo."

Nikaenda, nikasema ukweli. Daktari wa zamu aliposikia, jambo la kwanza aliagiza vitamini B1 iingie kwenye mshipa, ndipo mengine yafuate. Baadaye akanieleza: mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini hiyo, mtu aliyepunguzwa tumbo akitapika siku kadhaa inakwisha, na ikikwisha huharibu macho, mwendo na kumbukumbu. Tena ukimtundikia dripu ya sukari kabla ya kumpa B1 unaweza kumzidishia. Hebu fikiri, mwanangu. Ningefika pale na hadithi yangu ya kidole tumbo, wangenitibu kama mtu aliyekula kibaya, na wasingekuwa na kosa.

Sasa unaniuliza wa nini. Daktari wangu alikuwa mzuri, karatasi ya maelekezo alinipa, na imeandikwa vizuri kabisa kwamba nisile pilau wiki ya tatu. Haikuandikwa nifanye nini jirani akisimama mlangoni na sahani. Baba yako ananipenda, lakini nilimdanganya akakubali. Yule wa Pangani sikuweza kumdanganya, kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha kudanganya watu uongo huo huo. Wa kwake ulikuwa ngiri.

Tangu hapo namwita Mama Pangani, na ndiye aliyetukusanya. Leo tuko watano. Jumapili alfajiri walio mjini tunatembea kule Raskazone kando ya bahari, walio mbali wanapigiwa simu, na mara moja kwa mwezi wanapanda basi wanakuja. Hatuna mwenyekiti wala michango. Mara nyingine nusu ya mazungumzo ni bei ya samaki pale Deep Sea.

Mambo niliyoyapata kwao ni madogo hata naona haya kuyaandika. Daktari aliniambia ninywe lita moja na nusu kwa siku, kidogo kidogo, nisinywe pamoja na chakula, na nikishakula nisubiri nusu saa. Nilishindwa kabisa, glasi ya maji ilinitisha. Mama Pangani akasema ondoa glasi, chukua kikombe cha kahawa, kile cha wauza kahawa, ukiweke kila unapokaa. Kikombe kimoja hakimtishi mtu. Kufika jioni maji yamekwisha bila kujua.

Tena sinia. Wewe utakuwa Arusha, labda mnakula kila mtu na sahani yake, lakini ukija huku kwenye harusi utakaa kwenye sinia na wakwe. Ukitoa mkono wa kwanza wataona umedharau chakula chao. Alinifundisha nisiutoe mkono: megua punje, zungusha, chambua mwiba wa samaki umpe mtoto aliye pembeni, tafuna mpaka kiwe uji, sogoa. Nilikula vijiko vitatu vya chakula katika nusu saa na hakuna aliyejua. Ila anza na samaki au kunde kabla ya wali, maana nafasi ni ndogo na mwili unataka protini, gramu 60 kwa siku au zaidi. Mimi nilizipata kwa samaki, mayai, mtindi na choroko.

Na nywele. Mwezi wa nne baada ya operesheni zilianza kutoka kwa mafungu, nikawa najifunga ushungi hata ndani ya nyumba. Nililia kuliko nilivyolilia tumbo. Mama Pangani akanitumia picha ya kichwa chake cha kabla ya operesheni na cha siku hiyo, nacho kimepukutika kama changu. Basi. Hakuniambia neno. Zangu zilianza kurudi kama za mtoto mchanga mwezi wa tisa.

Jingine ni maneno ya watu, na hili sitakupaka mafuta. Kilo zilipoanza kushuka waliacha kuuliza habari ya kidole tumbo. Mmoja alinishika mkono sokoni, akaniuliza kwa huruma kabisa kama "nimeshaanza dawa". Unajua dawa gani. Nilirudi nyumbani nikazima taa mchana. Jumapili yake nikalisema, na kumbe wote watano walishaulizwa! Mmoja wetu huwajibu, "Nimeanza, tena nameza kila siku mpaka nife," na ni kweli, vitamini. Tulicheka mpaka wavuvi wakageuka.

Lakini usidhani nakuuzia watu hawa kama dawa. Wana hatari yao, nimeiona. Mama Pangani sukari yake ilishuka haraka baada ya operesheni, daktari akamwachisha vidonge. Kijana wetu wa Korogwe, dereva wa lori, akasikia naye akaacha vyake, bila kupima. Sukari ikapanda hadi akaona ukungu barabarani. Huyo huyo, mgongo ukamuuma akanunua diklofenaki dukani. Yeye ana ile ya kuunganisha tumbo na utumbo, baipasi, kama watakayokufanyia wewe, na mwenye baipasi hapewi dawa za maumivu za aina hiyo, zinachimba vidonda pale kwenye kiungo. Muuza dawa hakuwa na namna ya kujua; kijana hakumwambia kwamba amepasuliwa tumbo. Alipoanza kupata choo cheusi kama lami ndipo alipotupigia. Alipona. Siku hizi dawa hatugawiani wala kuulizana, mtu akianza kusema "mimi nilipewa..." tunamkatiza.

Kwa hiyo na wewe, wiki za mwanzo moyo ukikimbia umekaa, homa, tumbo linauma mpaka begani, au mguu mmoja umevimba shavu la nyuma na unauma, usinipigie mimi, usimpigie Mama Pangani. Nenda hospitali, kisha utupigie uko kitandani.

Kuna neno ambalo ningemwachia somo yako, lakini yeye habari za tumbo lililokatwa hazijui. Najua mnatafuta mtoto. Subirini mwaka mmoja, hata mwaka na nusu, ndivyo wanavyoshauri, mwili uache kushuka kwanza. Na mwili ukipungua uzazi hufunguka ghafla, hata kwa aliyekata tamaa. Vidonge vya uzazi wa mpango usivitegemee baada ya baipasi, huenda visifyonzwe sawasawa. Uliza kijiti au kitanzi. Haya, nimemaliza, usinijibu hili kwenye simu baba yako akiwa karibu.

Mume wako ni mtu mwema. Atakuambia "kula kidogo tu kwa ajili yangu," na atakuwa anamaanisha mapenzi. Baba yako alikuwa anakula mkate wa kumimina uani, gizani, ili nisimwone. Nilimfumania na tochi. Alidhani ananihurumia, na mimi nikajiona mgonjwa asiyetakiwa kutazamwa. Tulikaa siku mbili hatusemezani kwa ajili ya kipande cha mkate.

Ramadhani ya kwanza sikufunga, ilikuwa mwezi wa tano tangu nipasuliwe na daktari hakuniruhusu. Ningepata wapi lita moja na nusu kati ya futari na daku? Siku zile nimezilipa baadaye, kidogo kidogo, kwa ruhusa yake. Lakini jioni niliketi nao kwenye futari, nikajisahau nikala kaimati tatu. Jasho, moyo mbio, mikono inatetemeka, nikalala chini kama nimepigwa. Hiyo ni sukari kuingia kwenye utumbo kwa kishindo. Wenye baipasi huwapata zaidi, kwa hiyo wewe mbele ya kaimati jipe heshima.

Nimekuambia mengi ya Mama Pangani, nikuambie na hili la kwangu. Kilo zilifika 76, nikashona magauni. Kisha mwaka jana zikapanda, 78, 80, 81. Nikaacha kwenda Raskazone. Miezi miwili nasingizia mafua, mvua, wageni. Siri tena, mimi yule yule! Siku moja nikasikia hodi, watu watatu mlangoni, wamebeba samaki. Hawakuniuliza kilo. Mama Pangani aliingia jikoni kwangu kama kwake, akafungua makopo, akatoka na bakuli la kashata. Kumbe ndizo. Wali haupiti, nyama inajaza, lakini kashata na chai ya sukari vinateleza, unakula kutwa hushibi. Wakaniambia kupanda kilo chache baada ya mwaka wa pili huwapata wengi, wao wawili wamepanda, ila niende nikapime na damu. Nikaenda, madini ya chuma yalikuwa chini sana. Nilikuwa nachanganya kidonge cha chuma na cha kalsiamu asubuhi moja, na vinazuiana. Sasa kimoja asubuhi, kingine usiku. Niko kwenye 81 bado. Magauni nimeyafungua mshono.

Hutaki tumbo lako lijadiliwe barazani, nami sikulazimishi. Huko Arusha utakuta wako, waulize wauguzi wa kliniki, wao ndio wanaojua nani yuko wapi. Lakini hao utawapata baadaye, na operesheni ni mwezi ujao. Kwa hiyo nimempa Mama Pangani nambari yako. Atakupigia Jumapili baada ya adhuhuri. Atakusalimu vizuri, kisha atakuuliza habari ya mkojo. Usishtuke, mjibu.

Mamako