Re: Nimepewa sifuri, eti insha kaandika AI

Pole sana mdogo wangu. Umeuliza kama programu ya kutambua maandishi ya AI (akili bandia) inaweza kukukosea: tena sana. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walipitisha insha 91 za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wasiozaliwa nacho), zilizoandikwa na watu, kwenye programu saba za aina hiyo. Kwa wastani zaidi ya nusu ziliitwa kazi ya mashine! Za watoto wa darasa la nane Marekani, karibu zote zikapita.

Nyingi ya programu hizo hupima kama neno linalofuata linatabirika. Sasa sisi tuliokaririshwa sentensi zilezile tangu kidato cha kwanza, tutaacha kutabirika?

Mimi, chuo kimoja hapa Dar, niliokolewa na daftari la rasimu: mikato kila mstari, na doa la chai ya Mbagala. Peleka zako, omba uhojiwe ana kwa ana.