Shangazi, Napigiwa Makofi Lakini Kazi Yangu Haisomwi

*Shangazi, nafanya utafiti wa uzamifu hapa Kisumu, kuhusu akina mama wanaokausha omena, dagaa wa Ziwa Victoria. Nilimpa msimamizi wangu sura mbili mwaka jana, hadi leo kimya. Usiku silali. Mama mkwe ananiuliza, "Hiyo shule itaisha lini?" Sasa idara inataka nizungumze Siku ya Wanawake, tarehe 8 Machi, niwatie wenzangu moyo, na pia nipange chai. Najiona mnafiki. Niende? – Mchovu*

Mchovu binti yangu,

Nenda ukazungumze. Chai wapange wengine. Hilo la chai limeniudhi kuliko yote. Kwani wanaume wa idara hiyo hawajui kuchemsha maji?

Unafiki hauko kwako. Wanaokuita mfano wa kuigwa ndio hao hao walioikalia kazi yako, na hapo mtu yeyote angechoka.

Kila Machi tunamtaja Profesa Wangari Maathai, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu, mwaka 1971. Tunapiga makofi, tunaketi. Ni nadra kusikia kwamba alipokuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walidai wahadhiri wanawake wapewe marupurupu sawa na wanaume. Sifa hazikumzuia kudai.

Kwa hiyo dai. Andika barua pepe fupi, usiombe radhi popote: nilikuletea sura mbili tarehe fulani, naomba maoni kufikia tarehe fulani, nitapita ofisini siku fulani. Nakala kwa msimamizi wa pili. Akinyamaza, mpelekee mratibu wa masomo ya uzamifu, na ucheleweshaji huo uuandike kwenye ripoti yako ya maendeleo. Wengi hujaza "kazi inaendelea vizuri" kwa adabu tu, halafu muda ukiisha, faili linaonyesha mwanafunzi ndiye mzembe. Malalamiko ya koridoni hayamo kwenye faili.

Wakati huo usimngoje ukiwa umekaa. Uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa Aprili hadi Julai, nawe unajua mvua ikianza omena hazikauki. Kama kuna mahojiano yamebaki, nenda ufuoni wiki hii. Tena waombe idara nauli ya akina mama wawili wa huko waje wazungumze pamoja nawe tarehe 8. Utafiti wako umesimama juu ya maarifa yao, na sijui sherehe ya wanawake itakuwa ya nani wakikosekana.

Usingizi usipotulia, muone mshauri nasaha wa chuo au daktari. Usijikaze tu.

Mama mkwe mpe jibu la karibu: "Mama, mwezi huu namaliza mahojiano." Akikuuliza tena mwezi ujao, ama anakujali, ama ana umbea. Hapo siingii.

Shangazi