Ukianza muziki wa klasiki wa Kirusi, chunga picha unazowekewa

Video nyingi za muziki huu hupambwa kwa michoro ya kihistoria, na mgeni huamini kila mchoro ulizaliwa pamoja na muziki wake. Wapi! Jiulize kwanza muziki na mchoro vinakutania wapi: kwenye tukio, kwenye mtu, au mpambaji kaona tu kwamba vyote vina theluji?

Mimi ningekuanzishia kwa Mussorgsky, mtunzi wa Kirusi wa karne ya 19. Opera yake Khovanshchina inafunguliwa na alfajiri kwenye mto Moscow, muziki wa kama dakika tano. Usikilize mara mbili bila kutazama chochote. Kisha fungua mchoro wa Vasily Surikov wa 1881, asubuhi ya kuuawa kwa Streltsy, askari wa mfalme walioasi, uliopo kwenye jumba la sanaa la Tretyakov, Moscow. Usikimbilie kumtafuta mfalme. Anza na mishumaa: kumeshakucha, lakini bado inawaka mikononi mwa wanaokwenda kufa, na matope yamechimbika kwa magurudumu ya mikokoteni. Halafu mwangalie yule mwenye ndevu nyekundu, kofia bado kichwani. Fuata anakokodolea macho. Utamkuta mfalme mwenyewe, Petro Mkuu, juu ya farasi, upande wa kulia.

Hapo usije ukadhani mmoja kamchorea mwenzake. Opera inachanganya machafuko ya 1682 na ya miaka iliyofuata, na askari wake wanafika na magogo ya kukatiwa vichwa, mashoka mkononi, ndipo msamaha unaletwa. Mchoro unaonyesha tukio la 1698, na safari hiyo waliuawa mamia. Ukilijua hilo, rudia ile alfajiri. Upole wake utakutia wasiwasi.

Ukitaka uhusiano wa moja kwa moja, nenda kwenye Picha za Maonyesho, 1874, alizotunga baada ya kifo cha rafiki yake mchoraji Viktor Hartmann. Michoro mingi ya Hartmann imepotea, kwa hiyo usijisumbue kuitafuta yote. Na anza na piano. Toleo la okestra alilolipanga Mfaransa Ravel mwaka 1922 ni tamu mno, linadekeza sikio.

Sura ya Mussorgsky mwenyewe aliichora mchoraji Repin hospitalini, St Petersburg, Machi 1881, siku chache kabla hajafa. Khovanshchina aliiacha haijakamilika. Kabla hujapakua rekodi, soma imekamilishwa na mtunzi gani: ya Rimsky-Korsakov imelainishwa, ya Shostakovich ina makali zaidi. Mimi nachukua ya Shostakovich.