Majibu yenu: krispi, mabuyu mekundu na ulimi uliozoea

Meseji za wiki hii nyingi zimekuja za vitafunio, nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake najua kuna nyumba nyingi hapa Mombasa zina kesi hiyohiyo.

Assalaam aleikum dada. Mwanangu wa kiume ana miaka saba, akitoka chuoni, yaani madrasa, alasiri anapitia dukani ananunua krispi na mabuyu, ikifika saa moja nikimpakulia wali na samaki au mchicha wa nazi anagusagusa tu anaacha. Bwana wangu anasema nipige marufuku kabisa, mavyaa anasema nimuache, kila mtu na ladha yake, ati hata babake utotoni alikua hivohivo. Nimsikize nani? Mama wa Kisauni

Waaleikum salaam mamangu. Mavyaa ako na ukweli kidogo na bwana ako na ukweli kidogo, lakini hakuna hata mmoja ameangalia saa. Mtoto wa miaka saba tumbo lake ni dogo, akila pakiti ya krispi saa kumi na moja na mabuyu juu yake, saa moja hiyo njaa itoke wapi? Hapo kabla hujasema mwanangu hapendi mchicha, jaribu wiki moja tu umpe kitu cha maana punde akitoka chuoni, ndizi, kipande cha muhogo wa kuchemsha, maziwa, halafu uone kama ule wali utabaki sahanini.

Na kuhusu ladha, mimi sikubali kwamba mtu anazaliwa na ladha yake ikawa ndo hiyo mpaka kaburini. Utamu mtoto anazaliwa nao kweli, lakini mengine mengi ulimi unafundishwa. Chakula kigeni mtoto anaweza kukikataa mara nane, mara kumi, hata kumi na tano ndo akakizoea, na sisi wengi tukikataliwa mara tatu tunasema huyu hapendi, basi. Muekee kidogo tu pembeni ya sahani, kijiko kimoja, usimlazimishe, usimpigie kelele, wewe na babake mle mbele yake kwa raha zenu. Na tafadhali ile ya "maliza mchicha nikununulie krispi" iache kabisa, hapo unamfundisha kwamba mchicha ni adhabu na krispi ndo zawadi, na atalishika hilo vizuri sana.

Krispi nazo zina mambo yake. Mwaka 2019 huko Marekani watafiti waliwaweka watu 20 hospitalini karibu mwezi, wiki mbili wanapewa vyakula vya kiwandani, wiki mbili vya kupikwa kawaida, sukari na chumvi na mafuta kwenye mlo waliowekewa vilisawazishwa, wakaambiwa kuleni mnavyotaka. Kwa vile vya kiwandani walikula karibu kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja kwa hizo wiki mbili tu, na walikua wanakula haraka zaidi. Hao ni watu wazima na akili zao, sasa mtoto na pakiti yake mkononi anatembea njiani atajuaje ameshiba? Kwa hivo mimi marufuku siungi mkono, chenye marufuku ndo kinatamaniwa zaidi na atakula kwa rafiki yake usijue, bora iwe na siku yake, tuseme Ijumaa, mnamimina kwenye bakuli mnakaa mnakula pamoja na nduguze, ikiisha imeisha.

Mabuyu sasa. Ubuyu wenyewe ni kitu kizuri, ule unga wake una vitamini C na nyuzinyuzi nyingi, lakini ubuyu wa mtini ni mweupe mamangu, wekundu ule ni rangi, na utamu ule ni sukari iliyopikwa ikagandishwa juu yake, halafu mtoto anaumumunya nusu saa nzima sukari imelala kwenye meno. Kuna rangi sita za chakula ambazo baada ya utafiti uliofanywa Uingereza mwaka 2007 kwa watoto, nchi za Ulaya tangu 2010 zinalazimisha iandikwe onyo kwenye pakiti kwamba zaweza kuathiri utulivu wa mtoto, na baadhi yake ni E102, E110 na E129. Ukiona namba hizo kwenye pakiti yoyote unazijua sasa. Ila mabuyu ya kwenye mfuko wa nailoni hayana maandishi, hujui rangi gani imewekwa wala kiasi gani. Mimi mabuyu nayapenda sana, nimekulia nayo, na ndo maana nakwambia nunua ubuyu mweupe Marikiti upike mwenyewe, sukari weka nusu ya ile wanayoweka wao, iliki, pilipili kidogo akitaka, rangi acha. Siku ya kwanza atakwambia si mabuyu haya. Mwambie ndo yenyewe, mpe tena wiki ijayo.

Na uchunguze anachokipenda hasa ni nini, manake naona kwa maelezo yako mtoto wako anapenda kitu cha kukwaruza meno na chenye ukali kidogo. Basi kuna bisi za nyumbani, kuna tango lenye ndimu, kuna embe bichi, kuna karanga za kukaanga kavu, ila karanga uzichambue, yenye ukungu au iliyonyauka ikageuka rangi tupa usimpe mtoto.

Shikamoo dada. Niko na miaka 52 nafanya kazi za mizigo Shimanzi, daktari amenambia presha imepanda nipunguze chumvi. Krispi za pakiti nimeacha, sasa nakula kachiri za muhogo na achari kwa kuwa ni vitu vyetu vya asili. Niko sawa? Chakula cha chumvi ndogo kwangu ni kama karatasi.

Marahaba kaka yangu, na pole. Hapana, hauko sawa, na nakwambia wazi manake presha haina mzaha. Muhogo ni wa asili lakini kachiri imekaangwa kwa mafuta ikanyunyiziwa chumvi na pilipili, mshipa wako wa damu haujui kama chumvi imetoka kiwandani au imetoka kwa mama wa mtaani. Na achari ndo usiseme. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hicho ni kijiko kimoja cha chai cha kila kitu, pamoja na iliyo kwenye mkate, kwenye mchuzi, kwenye vile viungo vya pakiti vya kupikia. Pakiti zenyewe wengi wanaandika sodiamu badala ya chumvi, ukiona sodiamu zidisha mara mbili na nusu, yaani ikiwa miligramu 400 hiyo ni gramu moja ya chumvi, na uangalie wamehesabu kwa pakiti nzima au kwa gramu 100.

Hiyo habari ya karatasi nakuelewa, ni kweli, wiki za kwanza chakula hakina mbele wala nyuma. Lakini ulimi unarudi, ukipunguza polepole bila kurudia rudia, baada ya wiki kadhaa, wengine miezi miwili, mitatu, unaanza kuionja chumvi ndogo kama zamani, na ile kachiri ukiionja tena utashangaa ulikua unaimezaje. Mpaka hapo tumia ndimu, tumia ukwaju, kitunguu thomu, pilipili mbichi. Muhogo wa kuchoma pale Likoni kula, lakini mwambie muuzaji akupake ndimu na pilipili tupu, ile ya unga aliyochanganya na chumvi asiiguse. Na dawa kama umepewa kunywa kama ulivoambiwa, chakula hakichukui nafasi yake.

Dada mambo, mimi soda nimeacha nakunywa juisi za boksi na za chupa, nimefanya vizuri si ndio? Msichana wa Tudor

Poa mdogo wangu. Kuacha soda umefanya vizuri sana, manake chupa ya nusu lita ya kola inabeba gramu 50 na ushei za sukari, karibu vijiko 13 vya chai, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike 50 kwa siku nzima, tena 25 ndo bora. Lakini juisi geuza boksi usome, viungo vinaandikwa kuanzia kilicho kingi zaidi, kama sukari ni ya pili baada ya maji basi umehama chumba hujahama nyumba. Na hata ile ya matunda matupu sukari yake inahesabiwa, tunda lenyewe ukilitafuna ni bora. Ukiwa na kiu maji, na jioni ukienda Lighthouse dafu moja, na ukimaliza mwambie akupasulie ule nyama yake.